SOMO: Mlango wa uPVC (plastiki ngumu) unaogoma kujifunga, kabla hujanunua kitasa kipya

Wadau, swali hili nimelijibu faraghani mara nyingi mno. Leo naliandika mara moja, atakayeuliza tena nitamleta hapa.

1. Acha mlango wazi kabisa, nyanyua hendeli, zungusha ufunguo. Ndoano (vyuma vya kitasa vinavyochomoza ubavuni mwa mlango) zikitoka laini, kitasa ni kizima: mlango umeshuka, ndoano zinagonga bati la fremu badala ya kuingia tunduni. Hendeli ikiwa ngumu hata mlango ukiwa wazi, ubovu uko ndani ya kitasa chenyewe, na hatua ya 4 haikuhusu.

2. Kaza skrubu za hendeli na za bawaba.

3. Safisha matundu ya fremu, hasa la chini.

4. Bawaba. Paka chaki kwenye ndoano, funga mlango, nyanyua hendeli taratibu, kisha fungua uangalie bati. Alama ikiwa chini ya tundu, mlango unataka kupandishwa. Sasa nisikilizeni. Mara ya kwanza nilitia alenki (ufunguo wa pembe sita) kwenye skrubu ya bawaba ya kupandisha na kushusha mlango, mlango ukining'inia na uzito wake wote. Nikalazimisha, ikalia "krr", tundu la pembe sita likawa duara. Bawaba nzima ilibidi ibadilishwe, kisa haraka yangu ya sekunde chache. Siku hizi naanza na kabari ya mbao chini ya mlango upande wa hendeli, nainua mpaka bawaba zipumue. Naweka alama ya penseli mahali skrubu ilipo. Kama kuna skrubu ndogo ya kufungia, nailegeza kwanza. Halafu nusu mzunguko tu, bawaba zote sawasawa, najaribu tena. Nyingi zinataka alenki ya milimita 5 au 4.

ONYO: usilazimishe hendeli mlango ukiwa umefungwa. Mashine ya kitasa ikikatika humo ndani, mlango haufunguki tena.
ONYO: usiguse bati kwa tupa kabla hujamaliza bawaba.

5. Ndoano zipake mafuta mepesi. Silinda (pale unapoingia ufunguo) itie unga wa grafiti tu.

MASWALI

— Mkuu, wangu haufungi, nifanyeje?
Hatua ya 1. Ukishafanya, rudi useme umeona nini.

— Maneno yote haya ya nini? Si useme tu tununue kitasa?
Kitasa kipya kitagonga bati lilelile. Nimeandika ili usitupe pesa, ndugu yangu.

— Naomba kuelewa: kwa nini asubuhi unafunga vizuri, jua likiwaka unagoma?
Swali zuri sana. uPVC hutanuka kwa joto kuliko chuma. Kipande kitupu kisicho na chuma ndani, cha mita 2, kikiongezeka joto kwa nyuzi 30 hurefuka milimita 3 hadi 5 hivi. Chuma kilichomo ndani ya fremu hupunguza, lakini hakimalizi. Mlango wa rangi nyeusi unaopigwa na jua ndio husumbua zaidi. Kwa hiyo usiurekebishe mchana wa jua kali ukaondoka, upime tena ukiwa umepoa. Ndoano ziwe na nafasi kidogo juu na chini ya tundu.

— Nimemimina mafuta ya injini kwenye silinda, sasa ufunguo unanata.
Hatua ya 5 ilikuwa na sentensi mbili tu. Mafuta yanashika vumbi. Utaitoa silinda uisafishe.

— Nyongeza kwa wadau: ukikosa grafiti, sugua ufunguo kwa penseli laini, uingize na kutoa mara kadhaa.
Asante, inafanya kazi kabisa.

— Na hiyo silinda inatokaje? Nimefungua skrubu ndefu ya ubavuni, imeng'ang'ania.
Umefika pazuri, usiigonge. Ulimi wake umejitokeza pembeni ndio unazuia. Ingiza ufunguo, ugeuze kidogo sana huku unavuta silinda taratibu. Ulimi ukilala sawa na mwili wake, inateleza yenyewe. Kabla ya kununua nyingine, pima kutoka katikati ya tundu la skrubu hadi kila mwisho, kwa sababu pande mbili huenda zisilingane.