Papasa miche ya nyanya kabla haijaenda shambani

Msimu wangu wa kwanza wa kitalu hapa Lushoto, nusu ya miche ililala chini. Chini ya nyavu ilikuwa mirefu, inapendeza. Nilipoihamishia shambani, upepo wa siku mbili ukaimaliza. Mashina yalikuwa membamba kama uzi, maana hayakuwahi kutikiswa na kitu.

Siku hizi naipapasa. Subiri mche utoe majani mawili ya kweli, yale yenye meno. Chukua kipande cha bomba la plastiki, ukilaze juu ya vichwa vya miche, ukipitishe taratibu kwenda na kurudi, mara kumi asubuhi na mara kumi jioni. Vichwa viiname kidogo, kisha viinuke vyenyewe. Ukisikia shina linalia kach, umezidisha. Umande uwe umekauka, maana majani yaliyolowa husambaziana magonjwa. Na kama umeshika tumbaku, nawa kwa sabuni kwanza: virusi vya batobato ya tumbaku huingia kwenye nyanya kupitia michubuko midogo tu.

Shina linapopinda, utando wa seli zake huvutika. Kwenye utando huo kuna vijilango vya protini. Vikivutwa hufunguka, na kalsiamu humiminika ndani kwa sekunde chache. Ndivyo seli inavyojua kuwa imeguswa. Mwaka 1990 Janet Braam na Ronald Davis, huko Marekani, walikuwa wakinyunyizia homoni mimea midogo ya arabidopsisi, wakitafuta jeni zinazoitikia. Jeni zikaamka hata kwa mimea iliyonyunyiziwa maji matupu. Kumbe ilitosha kuguswa! Mojawapo hutengeneza kalmodulini, protini inayoidaka kalsiamu. Kisa hiki nakipenda mno.

Mche ulioguswa hutoa pia etilini, gesi ile ile inayoivisha ndizi. Seli hupunguza kurefuka, shina likanenepa. Kifauongo, ule mmea unaokunja majani ukiguswa, hulala papo hapo kwa sababu seli za kifundo cha jani huachia maji ghafla. Nyanya haina haraka hiyo. Ipe kama wiki moja, kisha bana shina kwa vidole viwili, utalisikia limekaza.

Usirukeruke siku, maana ukiacha miche huanza tena kurefuka. Biringanya na matango nayo yanakubali. Pilipili hoho usizipapase. Majani yake huchubuka upesi.