Kumtafutia mtoto deikea Kigoma kama kipato ni kidogo

Mama unayeanika dagaa Kibirizi unajua tabu ya kushinda juani na mtoto mgongoni, ila usimpeleke tu deikea ya kwanza unayoiona. Nenda asubuhi bila kutoa taarifa, kaa mlangoni hata nusu saa uangalie. Mi naangaliaga kwanza mtoto akilia nani anamnyanyua na anamwambia nini, maana mtoto wa miaka miwili akili yake inakua kwa kuongeleshwa na kuchezeshwa, sio kukalishwa kimya kwenye mkeka mpaka jioni. Midoli sio lazima jamani, makopo na mpira wa makaratasi vinatosha kabisa.

Choo, maji ya kunawa, uzio, angalia vyote. Uliza na usajili, wasipoeleweka nenda ustawi wa jamii pale halmashauri.

Chakula sasa. Uji mtupu hautoshi, kwahiyo chambua dagaa, kausha vizuri, saga, weka kwenye kikopo umpe mlezi awe anatia kijiko kwenye uji wake. Na kliniki usiache eti kwa sababu yupo deikea, ule mstari wa uzito kwenye kadi ukilala au ukishuka wahi umuone nesi.