Vitu badala ya nyuso: jinsi ya kuandaa maonyesho ya ufinyanzi kuhusu wanawake wanaotoka kwenye unyonyaji wa kingono

Kampeni nyingi huonyesha pingu, mdomo uliofungwa, mwanamke aliyejikunyata gizani. Mtazamaji anahuzunika kisha anaenda zake, hajui ni kipi kilimzuia mwanamke yule kutoka wala ni kipi kinaweza kumrudisha. Udongo unaweza kulieleza hilo bila sura ya mtu: kitambulisho kilichoshikiliwa, daftari la deni, ufunguo wa chumba, laini ya simu, kiatu cha mtoto, tiketi ya basi. Kila mshiriki afinyange vitu viwili kwa kipimo halisi, kimoja kilichomzuia na kimoja kilichomsaidia kutoka.

Washiriki wasitafutwe mitaani wala kwa tangazo. Pitia nyumba salama au shirika ambalo tayari linawahudumia. Kundi lisizidi watu wanane, na pawe na mfinyanzi mmoja na mnasihi mmoja. Mnasihi asishike udongo. Kazi yake ni kumwona aliyenyamaza ghafla. Lipa posho na nauli, tafuta wa kukaa na watoto, na posho isitegemee mtu kusimulia yaliyompata. Hakuna anayeulizwa "ilikuwaje".

Ridhaa ichukuliwe mara mbili: kabla ya kuanza, na tena baada ya kuchoma, mwenyewe akiwa amekiona kitu chake kimekamilika. Ana haki ya kukiondoa hata siku ya ufunguzi, kwa hiyo usipange meza ambayo pengo moja litaiharibu.

Udongo pia hunakili kila kitu. Watu hupenda kupiga chapa ya kidole gumba kama sahihi, lakini alama ya kidole ikishachomwa hubaki miaka na miaka na inamtambulisha mtu. Futa kwa sponji yenye maji kidogo. Kitambulisho cha udongo kisiwe na namba wala jina la kweli, tiketi isitaje kituo alikoshukia, na daftari liandikwe na mtu mwingine, maana mwandiko hujulikana. Chini ya kila kitu chora alama ndogo. Orodha inayounganisha alama na majina ikae kwa mnasihi peke yake. Simu zikusanywe mlangoni.

Kwa watu wanane, vitu viwili kila mmoja, tengeneza nakala mbili za kila kitu: jumla 32. Kwa wastani wa nusu kilo, utatumia kilo 16, nunua 25. Kama kuna wafinyanzi wa jadi karibu, mfano wanawake wa Kikisi wa Ikombe kando ya Ziwa Nyasa, nunua kwao udongo uliokwisha andaliwa na uwalipe wakuchomee. Ukichimba mwenyewe, loweka, koroga, pitisha kwenye chujio, kisha dondoshea limau. Ukitoa povu una chokaa, jambo la kawaida penye matumbawe na makombe. Punje za chokaa zikishachomwa hunyonya unyevu wa hewa, zikavimba na kubandua vipande siku kadhaa baadaye, pengine katikati ya maonyesho. Udongo huo uache.

Changanya sehemu tano za udongo na sehemu moja ya vigae vya vyungu vilivyosagwa. Vigae hupunguza kusinyaa na huupa mvuke njia ya kutoka. Visage vikiwa vimeloa, kwa kuwa vumbi lake linaumiza mapafu.

Kabla ya kazi yenyewe, chora mstari wa sentimita 10 kwenye kipande cha majaribio, ukikaushe na kukichoma. Ukibaki sentimita 9, udongo wako unasinyaa asilimia 10. Hapo kadi ya kitambulisho ya milimita 86 kwa 54 ianze ikiwa 96 kwa 60, la sivyo itaonekana ya kuchezea.

Unene uwe milimita 6 hadi 10, usiwe na tofauti kubwa ndani ya kitu kimoja. Penye kiungo, chanja pande zote mbili, paka rojo la udongo uleule, bana. Kiungo kilichobandikwa kwa maji matupu huachia wakati wa kukauka. Kiatu kiwe na uwazi ndani, na kila uvungu uliofungika utobolewe kwa sindano. Kausha kivulini siku 7 hadi 14, ukigeuza kadi kila siku zisipinde.

Kitu hupasuka motoni kwa sababu ya maji yaliyobaki kugeuka mvuke. Kiguse kwa shavu: kikiwa baridi, bado. Siku ya kuchoma, vizungushe kando ya moto mdogo saa mbili, kisha vipange juu ya vigae, vifunike kwa kinyesi kikavu cha ng'ombe, makumbi ya nazi na nyasi, uwashe siku isiyo na upepo. Usifukue hadi kesho yake. Mchanga ulio ndani ya udongo hubadilika ghafla joto likishuka kupita nyuzi 573 za Selsiasi, na upepo wa baridi hapo huleta ufa. Moto mkubwa unaweza kumwamshia mtu kumbukumbu mbaya, basi kuja siku hiyo kuwe hiari.

Kitu kikivunjika, tumia nakala. Msiunganishe nyufa kwa rangi ya dhahabu kwa mtindo wa Kijapani. Inapendeza, ila inamwambia mtazamaji kwamba mwanamke ndiye chombo kilichovunjika.

Ukilenga tarehe 30 Julai, siku ya kupinga usafirishaji haramu wa binadamu, choma Juni masika yakishapita. Ukilenga siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia zinazoanza 25 Novemba, maliza kuchoma kabla vuli haijakolea.

Mezani, kibao kiwe na sentensi mbili: kitu hiki ni nini, na kilizuia au kilisaidia vipi. Weka namba za msaada zenye herufi kubwa: Kenya 1195 kwa ukatili wa kijinsia, 116 kwa watoto, Kenya na Tanzania, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi kwa Tanzania. Zipige wewe kwanza uhakikishe zinapokelewa. Mlangoni waulize wageni wachache wangempeleka wapi mwanamke anayetaka kutoka leo, wakiingia na wakitoka. Majibu yakiwa yaleyale, andika vibao upya usiku huohuo.