Karatasi za kufunga ndoa ughaibuni na mchumba wa kigeni: uanzie wapi ukiwa Dar es Salaam

Mimi ni wakili na kamishna wa viapo, ofisi yangu iko Posta. Watu wengi wanaokuja kwangu kwa ajili ya ndoa za nje wanakuja wakiwa tayari wameshikilia cheti cha kutokuwa na kipingamizi cha ndoa, yaani karatasi ya serikali inayosema uko huru kuoa au kuolewa. Wamekifuatilia, wamekilipia, na sasa wanauliza hatua inayofuata. Kumbe hicho ndicho kilitakiwa kichukuliwe mwishoni, kwa sababu kina umri mfupi kuliko karatasi nyingine zote. Kwa hiyo mwongozo huu nimeupanga kwa umri wa karatasi: zisizoharibika zitangulie, zinazokufa haraka zifuate. Mfano wangu ni Ujerumani, maana ukiweza ya kule, ya kwingine hayatakutisha. Uingereza nitaigusa kwa kifupi.

Hatua ya 1: Mchumba aende kwanza, siyo wewe

Ndoa hufuata utaratibu wa nchi inakofungiwa. Kabla hujapanda daladala kwenda ofisi yoyote hapa mjini, mchumba wako aende ofisi ya ndoa ya mji wake, ambayo Wajerumani huiita Standesamt, aombe orodha ya karatasi kwa maandishi. Orodha itaje kwamba wewe ni Mtanzania, na kama uliwahi kuoa au kuolewa nalo litajwe.

Aulize pia mambo haya: cheti cha kuzaliwa kisizidi umri gani, wanakubali Kiingereza au lazima kila kitu kitafsiriwe Kijerumani, na mtafsiri awe nani, mihuri ya Wizara yetu ya Mambo ya Nje na ya ubalozi wao inahitajika kwenye karatasi zipi, na kama watakipokea cheti cha kutokuwa na kipingamizi kinachotolewa na RITA, wakala wetu wa serikali wa usajili, au watapeleka maombi ya kusamehewa cheti hicho kwenye mahakama ya juu ya jimbo. Swali la mwisho linabadilisha ratiba nzima, msiliruke.

Usitumie orodha ya rafiki yako aliyefunga ndoa Hamburg kama wewe unaolewa kijijini Bavaria. Ofisi hizi zina uhuru wa kudai zaidi, na afisa atakayekagua faili lenu ndiye mwenye neno.

Hatua ya 2: Majina

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mafaili mengi hukwama.

Sisi tuna majina matatu: lako, la baba, la babu. Ulaya wanataka jina lako na jina la ukoo. Kwenye pasipoti jina la babu limekaa kama la ukoo, kwenye cheti cha kuzaliwa kuna mawili tu, kwenye cheti cha kidato cha nne umeandikwa jina la ubatizo, na kwenye NIDA mwandikishaji aliandika Mohamedi mahali ambapo pasipoti inasema Mohammed. Hapa mtaani hakuna anayekusumbua kwa hilo. Afisa wa Standesamt, ambaye hakujui na hajui kwamba Mohamedi na Mohammed ni mtu mmoja, ataona watu wawili.

Chukua daftari. Andika jina lako herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, NIDA, pasipoti, vyeti vya shule na cheti cha ubatizo kama unacho. Andika na majina ya wazazi wako, kwa sababu nayo huulizwa. Kisha amua jina moja ambalo kila karatasi italifuata. Ushauri wangu: lifuate la cheti cha kuzaliwa kila inapowezekana, maana huo ndio msingi wa nyingine zote.

Tofauti ya herufi moja au jina lililokosekana hutibiwa kwa kiapo cha majina mbele ya kamishna wa viapo, kinachotamka kwamba majina yote hayo ni ya mtu mmoja. Kama jina limebadilika kabisa, kiapo hakitoshi. Unahitaji hati ya kubadili jina, iandaliwe na wakili na isajiliwe kwa Msajili wa Hati, ndipo NIDA na pasipoti zirekebishwe. Ndugu zangu wengi wanaona huu ni usumbufu, wanasema "si wataelewa tu." Hawataelewa. Rekebisheni sasa hivi, mkiwa bado hamna tarehe inayowafukuza.

Pasipoti yenyewe ni ile ya kielektroniki, iliyoanza kutolewa mwaka 2018. Ada yake ni shilingi 150,000. Itazame tarehe ya mwisho; ikiwa imebakiza miezi michache, itengeneze upya kabla namba yake haijaandikwa kwenye fomu za watu.

Hatua ya 3: Cheti cha kuzaliwa na uhakiki wake

Aliyezaliwa Tanzania Bara hushughulika na RITA. Aliyezaliwa Unguja au Pemba anakwenda kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, na asipoteze nauli kuja Mtaa wa Makunganya, kwa sababu RITA hawana daftari lake.

Kama hukuwahi kusajiliwa, utaanza na usajili wa waliochelewa, wenye kudai ushahidi wa mahali na tarehe ya kuzaliwa. Kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, vyeti vya shule ya msingi, vyote ulivyonavyo vibebe. Kama una kile cheti cha zamani cha mkono kilichofifia wino, omba kipya. Kisha omba uhakiki, yaani RITA wenyewe wathibitishe kwamba cheti hicho kimo kwenye kumbukumbu zao. Maombi yanafanyika kwa mtandao, na malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali. Mtu akikuambia umlipe kwa simu yake binafsi, huyo ni kishoka.

Nalisema la vishoka bila kumung'unya maneno. Cheti cha kishoka kinaweza kupita dirisha la kwanza na la pili. Ubalozi ukiamua kurudi kwenye daftari la asili na usikikute, umepoteza ndoa hiyo na pengine visa zote zinazofuata, maana jina lako limeshaandikwa kwamba ulileta karatasi ya kughushi.

Hatua ya 4: Jiulize kwa ukweli kama uko huru kuoa au kuolewa

Swali hili watu huliona jepesi. Sivyo.

La kwanza ni nikaha ya kimyakimya. Mchumba alikuja likizo, familia ikaona si vyema mkae hivihivi, sheikh akaitwa, mkaozeshwa sebuleni kwa mjomba Magomeni. Sasa mnataka "ndoa ya serikali" Ujerumani. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ndoa iliyofungwa kidini ni ndoa kamili kisheria. Wewe tayari ni mume wa mtu au mke wa mtu, na ukila kiapo kwamba hujaoa wala kuolewa umeapa uongo. Njia yenu ni nyingine: ikamilisheni ndoa hiyo kwa kuisajili, mchukue cheti chake, kisha uombe visa ya kumfuata mwenza. Mara nyingi ni njia fupi kuliko hii ninayoeleza.

La pili ni talaka. Karatasi ya talaka uliyoandikiwa na mume, au barua ya Bakwata, haivunji ndoa mbele ya ofisi ya ndoa ya nje. Kwa sheria yetu shauri hupitia Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, baraza likishindwa kuwapatanisha linatoa hati, na mahakama ndiyo inayotoa amri ya talaka. Hata ndoa ya Kiislamu ambayo talaka imeshatamkwa, mahakama inatakiwa itoe amri hiyo. Baada ya hapo talaka isajiliwe RITA. Dada aliyeachika zamani na hana amri ya mahakama aanze na hili kabla ya jambo lolote lingine, maana ndilo refu kuliko yote. Mjane au mgane yeye atabeba cheti cha ndoa na cheti cha kifo.

La tatu ni yule mliyeishi naye. Sheria inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi wakajulikana kama mume na mke, hudhaniwa wameoana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mtu wa namna hiyo anaweza kuleta pingamizi. Kama yupo, mwambie wakili wako mapema.

Na mwanamume mwenye mke, hata kama ndoa yake inamruhusu mke wa pili, hana njia hii. Ujerumani na Uingereza hawafungishi ndoa ya mtu ambaye bado ana mwenza.

Hatua ya 5: Lugha, wakati mengine yanasubiri

Visa ya kwenda kufunga ndoa Ujerumani na kubaki huko hudai Kijerumani cha ngazi ya A1, yaani ya mwanzo kabisa. Goethe-Institut, taasisi ya lugha ya Wajerumani, wako Upanga, wanafundisha na wanatahini. Jiandikishe wakati unahangaika na hatua ya 2 na ya 3, usisubiri zimalizike.

Hatua ya 6: Sasa ndiyo cheti cha kutokuwa na kipingamizi

Vyote vilivyotangulia vikiwa mkononi, na mchumba ameshawaonyesha Standesamt picha za karatasi hizo nao wamekubali, ndipo uende RITA. Nenda na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa, pasipoti, picha, kiapo cha hali ya ndoa, nakala za vitambulisho vya mchumba, na barua ya serikali ya mtaa wako hata kama hukuambiwa uilete. Waliotalikiwa waongeze amri ya mahakama.

Kwa nini nang'ang'ania kije mwishoni? Sheria ya Ujerumani inasema cheti hiki hupoteza nguvu ndoa isipofungwa ndani ya miezi 6 tangu kilipotolewa. Ndani ya miezi hiyo hiyo 6 lazima kipate mihuri, kisafiri, kikaguliwe, visa itoke, upande ndege na usimame mbele ya msajili. Aliyekichukua mapema halafu akaanza kuhangaika na majina, atakirudia.

Mihuri ina mpangilio wake. Tanzania haimo kwenye Mkataba wa Hague wa 1961 unaoruhusu muhuri mmoja kutosha kila nchi mwanachama. Majirani zetu Rwanda na Burundi wamo. Sisi tunapita ngazi mbili: Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki inathibitisha sahihi na muhuri wa ofisi iliyotoa karatasi, kisha ubalozi wa nchi unayokwenda unathibitisha muhuri wa Wizara, pale ofisi ya ndoa inapoudai. Ukianza ubalozini utarudishwa. Kabla hujabandua pini kwenye karatasi zilizobanwa pamoja ili utoe fotokopi, acha. Karatasi iliyofunguliwa huonekana imechezewa.

Tafsiri ifanywe baada ya mihuri, ili mihuri nayo itafsiriwe.

Hatua ya 7: Uandikishaji kule, visa huku

Karatasi halisi zitumwe kwa kampuni ya vifurushi inayofuatilika, zikiambatana na fomu ya Standesamt inayomruhusu mchumba aandikishe ndoa bila wewe kuwepo. Wakiridhika, watatoa barua kwamba ndoa inaweza kufungwa. Kibali hicho nacho ni cha miezi 6. Barua hiyo ndiyo roho ya maombi yako ya visa ya kufunga ndoa, kwenye ubalozi wa Ujerumani, jengo la Umoja House. Ubalozi kwa kawaida huuliza idara ya wageni ya mji wa mchumba, kwa hiyo majibu hayatoki wiki hiyo. Miadi iwekeni mapema.

Usiende kwa visa ya utalii ukiwa na nia ya kufunga ndoa na kubaki. Wengi wamerudishwa Dar kuomba upya, safari hii wakiwa na swali la kwa nini walidanganya.

Kama Kijerumani chako hakitoshi kuelewa msajili anachosema, ofisi itataka mkalimani aliyeapishwa siku ya ndoa. Mwekeeni nafasi pamoja na ukumbi.

Wa Uingereza

Anayekwenda kufunga ndoa na kurudi huomba visa ya mgeni wa ndoa. Anayekwenda kubaki huomba ya mchumba, ya miezi 6, na kwenye maombi hayo mwenyeji wake anatakiwa aonyeshe kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka, kiwango kilichoanza Aprili 2024. Mkifika England mnatoa taarifa ofisi ya usajili na kusubiri siku 28, ambazo serikali yao inaweza kuzivuta hadi 70. Tiketi ya kurudi ikatwe kwa hesabu ya 70.

Hatua ya 8: Irudishe ndoa nyumbani

Sheria yetu inaitambua ndoa ya nje iliyofuata utaratibu wa nchi ile, kati ya watu walioruhusiwa kuoana. Lakini siku ya kurithi, kununua kiwanja kwa majina mawili au kumwombea mwenzako ukaazi Uhamiaji, utaulizwa cheti. Ombeni Standesamt cheti cha ndoa cha kimataifa, chenye lugha kadhaa Kiingereza kikiwemo. Kithibitishwe na mamlaka ya kule, kisha kipelekwe Ubalozi wa Tanzania, kwa mfano wetu ni Berlin, ndipo mkilete RITA kisajiliwe. Kama kiko kwa Kijerumani pekee, kitafsiriwe. BAKITA, baraza la Kiswahili la taifa, hufanya tafsiri rasmi za Kiswahili.

Siku ya ndoa mtaulizwa mtatumia jina gani. Ukichukua jina la mwenzako, pasipoti yako ya Tanzania ibadilishwe kufuata jina hilo, na tiketi zilizokwishakatwa kwa jina la zamani zitumike kwanza. Uraia wako hauondoki kwa kuolewa. Huondoka ukiomba na kupewa uraia wa nchi nyingine ukiwa mtu mzima, na kabla hujajaza fomu hiyo, miaka yoyote itakayokuwa imepita, zungumza na wakili wa nchi zote mbili.