SOMO: Kutuliza darasa la wanafunzi 90 bila kupaza sauti wala kushika fimbo

Kila shule zikifunguliwa swali ni lile lile: "Darasa lina watoto tisini, wananishinda, nifanyeje?" Nimechoka kuandika jibu moja kila muhula, kwa hiyo naliweka hapa lote. Hesabu ni za darasa la madawati 30, watatu kila dawati, kipindi cha dakika 40, kuanzia Darasa la III hadi Kidato cha Pili. Wewe mwenye watoto 45, shukuru Mungu, soma hatua ya 3 na ya 4 uende zako.

HATUA YA 1: Ramani ya kukaa.
Mistari mitano, kila mmoja madawati sita. Kati ya mistari acha upenyo wa kupita kwa ubavu, na nyuma kabisa acha njia. Hiyo ya nyuma wengi huisahau, na bila hiyo mwalimu anaishi ubaoni huku nyuma wanaunda serikali yao. Dawati la kwanza likigeukia la pili unapata kundi la watu sita; darasa zima makundi 15. Andika majina kwenye ramani. Mtoto usiyemjua jina humkanyi. Unagombeza eneo tu. Wasioona au wasiosikia vizuri wakae mbele. Watukutu usiwarundike nyuma: watawanye kwenye kingo za njia unazopita.

HATUA YA 2: Kanuni nne, zisizidi.
Zitaje linalofanywa, si linalokatazwa. "Mmoja akisema, wengine tunasikiliza." Bandika ukutani.

HATUA YA 3: Salamu na dakika tano za kwanza.
Kabla hujaingia, swali moja liwe ubaoni tayari, la kujibiwa na kila mtu kwenye daftari bila maelezo yako. Monita apewe swali na chaki mwalimu aliyetangulia anapotoka. Ukiingia wanasimama: "Shikamoo mwalimu!" Hapo ndipo kipindi kinashinda au kinashindwa. Watu 90 wakisimama, madawati yanakwaruza sakafu, mmoja kule nyuma bado anamalizia hadithi. Usiitikie. Simama palepale, wapitie kwa macho mstari kwa mstari, na marahaba itoke dawati la mwisho likishatulia. Kisha "kaeni, swali liko ubaoni", basi. Usianze na matangazo ya michango, sare wala nani hajafagia.

HATUA YA 4: Ishara ya kunyamaza.
Hapa ndipo walimu wengi wanaharibu, kwa hiyo soma polepole.

Chagua ishara MOJA. Makofi ya mdundo ni mazuri, lakini madarasa yetu mengi hayana dari na ukuta hauishii kwenye bati, kwa hiyo makofi yako yanamtibua mwenzako wa chumba cha pili. Mkono juu ni bora zaidi: mwalimu ananyoosha mkono, kila anayeuona ananyoosha wake, anafunga mdomo, anaweka kalamu chini. Inasambaa yenyewe hadi kwa waliokupa mgongo.

Ishara hufundishwa kama unavyofundisha kugawanya. Kipindi cha kwanza waambie waongee kwa nusu dakika, nyoosha mkono, subiri. Rudia mara tatu. Kesho yake mara moja tena.

Sasa maonyo. La kwanza: USISEME NENO mpaka kimya kiwe kamili. Ukianza wakati robo ya darasa bado inanong'ona, umewafundisha kwamba ishara maana yake ni "punguzeni". Siku ya tatu haina nguvu tena, na utakuja hapa kulalamika kwamba njia haifanyi kazi. La pili: usiongeze "nyamazeni" juu ya mkono. Ukisema "nyamazeni" mara sita, ishara halisi inakuwa ile ya sita, na watoto wanahesabu vizuri kuliko tunavyodhani. La tatu: zikipita sekunde kumi na bado kuna kona inaongea, ifuate kona hiyo kwa miguu, mkono ukiwa bado juu, usimame hapo. Usiigombeze kutoka ubaoni. La nne: usiitumie zaidi ya mara nne au tano kwa kipindi. Ukijikuta unaihitaji mara kumi, tatizo liko kwenye kazi uliyowapa: ni nyepesi mno, ngumu mno, au hawakuelewa waanzie wapi. La tano: zungumza na walimu wengine wa darasa hilo mtumie ishara ileile. Somo hili anapiga makofi, somo lile anagonga meza kwa fimbo, la tatu anafoka, na wewe na mkono wako hutafika mbali.

HATUA YA 5: Ngazi.
Mtoto akivuruga, panda ngazi moja moja: mtazame, sogea karibu naye huku ukiendelea kufundisha, gusa dawati lake, mtaje jina kwa sauti ya chini na umwambie la kufanya ("Fungua ukurasa wa 12"; usimuulize "kwa nini unaongea?", hana jibu na darasa zima linasubiri kicheko), mhamishe dawati, zungumza naye dakika mbili kipindi kikiisha, ninyi wawili. Likijirudia, andika tarehe na kosa, peleka kwa mwalimu wa darasa au wa malezi, kisha mzazi. Makosa mengi huishia ngazi ya pili. Kupigana, wizi na matusi kwa mwalimu haviingii kwenye ngazi hii, vinakwenda ofisini moja kwa moja.

Na achaneni na orodha ya wapiga kelele. Monita anayeandika majina ubaoni anaacha marafiki zake, anaandika mahasimu, na wengine wanafutwa kwa andazi la mapumziko. Ukimwadhibu mmoja aliyeonewa, umepoteza wote waliolishuhudia hilo.

HATUA YA 6: Adhabu.
Ilingane na kosa: aliyechafua asafishe, aliyepoteza muda wa kazi aimalize mapumziko. Usimtoe nje ya darasa. Huko nje ni likizo. Usiadhibu darasa zima kwa kosa la watatu, waliotulia watauliza walitulia kwa faida gani.

---
MASWALI

Mtoto wa Mbalizi: Somo refu sana. Kwa kifupi, nichape viboko vingapi wapigakelele?

Mwandishi: Hatua ya 4. Isome.

Mtoto wa Mbalizi: Nimeuliza swali rahisi tu, kaka.

Mwandishi: Na jibu ni rahisi: wewe mwalimu wa somo, sifuri. Kanuni za adhabu ya viboko za Tanzania za 2002, Tangazo la Serikali Na. 294, zinampa ruhusa mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Visizidi vinne, viandikwe kwenye kitabu, na msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo shuleni. Kupiga kelele darasani hakujafika huko.

Mama Katumba: Shukrani mwalimu. Niko Rungwe, mvua tunaijua. Ikianza kupiga bati saa nane mchana hata mimi mwenyewe sijisikii. Mkono juu sawa, lakini kufundisha je? Dakika ishirini zote napiga kelele tu.

Mwandishi: Swali zuri dada, lilistahili hatua yake. Mvua ikishika, acha kufundisha kwa mdomo kabisa. Koo lako ni la miaka mingi. Kuwa na kazi ya mvua ambayo haihitaji sauti: maswali manne ubaoni, mepesi hadi magumu. Andika kubwa, maana mvua huja na giza na huenda umeme hakuna. Wafanye kwenye makundi yao ya sita, daftari moja la kundi, mwandishi abadilike kila swali. Wewe pita kwenye njia zako na kalamu nyekundu, sahihisha hapohapo kwa kundi. Maelekezo toa kwa vidole: kimoja swali la kwanza, viwili la pili, ngumi maana yake acheni kuandika. Wafundishe vidole siku ya jua. Wataongea, ndiyo, lakini mvua inafunika, na kelele ya kazi haina shida. Madirisha ya upande wa upepo kama hayana vioo, hamisha watatu wa dawati hilo mapema. Mtoto anayelowa hawezi kutulia.

Mzee wa Chaki: Kijana, sisi tumefundisha tangu zamani, fimbo ilitoa madaktari na mawaziri. Haya ya mikono juu ni ya wazungu.

Mwandishi: Shikamoo mzee. Fimbo hiyohiyo ilitoa pia walioacha shule darasa la tano, ila hao hatuwahesabu. Na hapa kwetu Mbeya mwaka 2016 ilisambaa video ya walimu wa mazoezi wakimpiga mwanafunzi wa sekondari ofisini. Waziri wa Elimu akatangaza kuwafukuza vyuoni. Sikatai heshima. Heshima ipo kwenye hatua ya 3, kwenye shikamoo, na haikutoka Ulaya.

Mzee wa Chaki: Marahaba. Hilo la kutoitikia mpaka watulie nalikubali, tulilifanya.

BTP Mafinga: Kamwene mwalimu. Mimi mwanachuo, niko mazoezi ya kufundisha (BTP), nina Kidato cha Kwanza. Kwenye Hisabati wametulia, kwenye Biolojia darasa hilohilo ni soko. Mwalimu ni mimi mmoja. Shida nini?

Mwandishi: Kamwene. Umeshafanya nusu ya uchunguzi mwenyewe. Hisabati wanafuata namba. Biolojia wanahitaji Kiingereza ambacho shule ya msingi hawakuwa wanafundishiwa. Mtoto asiyeelewa maelekezo humuuliza jirani, jirani naye haelewi, anauliza wa mbele. Hayo ndiyo makelele yako. Maelekezo yawe sentensi moja, maneno yasiyozidi manane, yaandikwe ubaoni. Kisha mteue mtoto wa nyuma aseme kwa Kiswahili ametakiwa afanye nini. Akikosea, usimcheke, rudia. Weka pembeni ya ubao maneno matano mapya ya kipindi, yasifutwe hadi mwisho. Jaribu wiki moja urudi utuambie.

Wa Makete: Wachelewaji je? Juni na Julai ukungu na baridi, wanaingia mmojammoja mpaka saa mbili na nusu, kila mmoja anabisha hodi na darasa lote linageuka.

Mwandishi: Dawati la mlangoni liache wazi. Aliyechelewa haombi ruhusa: anaingia, anakaa hapo, anaanza swali la ubaoni. Sababu utamuuliza kipindi kikiisha. Andika dakika kwenye daftari lako. Akiwa ni yuleyule kila Jumatatu, kuna kitu nyumbani, mwone mzazi. Asubuhi za baridi anza na dakika mbili za kusimama na kusugua viganja, vidole vilivyokufa ganzi haviandiki, na asiyeandika anaongea.

Pareto: Halafu chaki zetu zinaandika hafifu na kukatika, nageuka mara kwa mara kurudia maandishi, nikigeuka tu wanaanza.

Mwandishi: Unyevu huo. Usiziache kwenye fremu ya dirisha. Tia kwenye kopo la maziwa lenye mfuniko, na zile za kesho zianike juani mchana. Na ukiandika simama kiubavu, bega la kushoto likiwaelekea.

Mama Katumba: Ubao wetu una mng'ao, wa upande wa dirisha hawaoni kitu.

Mwandishi: Kakae kwenye kila kona ya darasa saa nne asubuhi uone sehemu gani ya ubao haisomeki. Chora mstari wa chaki hapo na usiandike kuvuka. Dasta isiwe na maji.