Kabla mgonjwa wako hajaanza mionzi ya kichwa

Saratani ikishafika kwenye ubongo mambo huenda mbio. Yapange haya mapema.

Kusanya majibu yote: ya kinyama kilichopimwa mwanzo, picha za CT au MRI, na orodha ya dawa. Uvimbe ukiwa mmoja au michache, uliza kama unaweza kutolewa kwa upasuaji au kupigwa mionzi ya kuulenga wenyewe. Ukiwa umetapakaa, mara nyingi hupigwa kichwa chote, aghalabu mara 5 au 10. Tafuta pa kulala karibu. Nywele zitatoka. Atafungwa kinyago cha kushikilia kichwa, mwambie asije akashtuka.

Sasa vidonge vya deksamethasoni. Hapa nisikilize.

Mama alikuwa na saratani ya titi. Kila alfajiri kichwa kilimuuma akitapika, na mguu wa kushoto alikuwa anauburuta. Siku ya tatu ya vidonge vile alikwenda bafuni mwenyewe, tukashangilia. Kumbe haviui saratani, vinapunguza tu maji yaliyojaa kuzunguka uvimbe. Mionzi ilipoisha tukapanda basi kurudi Njombe, na vidonge vikaishia nyumbani. Mimi ndiye niliyesema, "Si ana nafuu? Tungoje tarehe ya kliniki." Kesho yake hakuinuka. Siku iliyofuata alikuwa anatapika, presha imeshuka, hawatambui wajukuu. Daktari wa pale alituuliza kwanza, "Deksa ameacha lini?"

Mwili ukivitumia wiki kadhaa, tezi zilizo juu ya figo huacha kutengeneza homoni yake, na haziamki ghafla. Dozi hushushwa kidogo kidogo. Mwombe daktari aiandike tarehe kwa tarehe, na vidonge vya kumfikisha kliniki inayofuata viwe mkononi kabla hujakata tiketi. Mama aliamka baada ya kurudishiwa dawa, lakini zile siku mbili nilimtesa bure.

Vidonge hivyo vimezwe asubuhi baada ya chakula, vikichelewa hafumbi macho usiku. Hupandisha sukari, kwa hiyo apimwe, hasa mwenye kisukari. Degedege likimpata mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, angalia saa. Likipita dakika 5, hospitali. Homa usiisubirishe. Dawa za mitishamba mtajie daktari. Asiendeshe pikipiki, asiachwe jikoni peke yake, na usiku alale na mtu chumbani.