Gari la umeme au la petroli kwa mkazi wa Mtwara na Lindi: hesabu ya kupiga kabla hujalipa

Usianze na bei ya gari. Anza na maswali mawili: gari litalala wapi, na safari yako ndefu ya kawaida inaishia wapi. Anayelaza gari ndani ya ua wake Shangani au Ligula, kazini mjini na Mikindani mara mbili tatu kwa wiki, hawezi kupata jibu moja na mwenye shamba la korosho Tandahimba. Gari la petroli halikuulizi hayo. Sheli zipo Lindi, zipo Masasi, na pasipo na sheli hakosekani mtu mwenye dumu. Umeme wa gari utautafuta kwako mwenyewe, usiku, kwenye soketi yako.

Sasa hesabu. Chukua bei kikomo ya EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, ya wilaya yako, ile inayotangazwa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Kwa wepesi tuseme lita moja ni 3,000. Toyota IST ya 1.3 inayokwenda kilomita 14 kwa lita itakula lita 7 na ushei kwa kilomita 100, yaani zaidi ya 21,000. Nissan Leaf, ambalo ni gari la umeme, kwa mwendo wa 70 hadi 80 kwenye lami hula kama uniti 16 kwa umbali huohuo, lakini sehemu ya umeme hupotea wakati wa kuchaji, kwa hiyo kwenye LUKU utakuta zimeondoka kama 18. Kwa shilingi 356 kwa uniti, ndiyo bei ya tarifa ya kawaida pamoja na kodi na tozo, hiyo ni 6,400.

Wengi huishia hapo na kushangilia. Wengine hufanya kosa kubwa zaidi: hupiga kwa shilingi 122 kwa sababu ndivyo wanavyonunua umeme nyumbani. Bei hiyo ni ya nyumba isiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Gari la kilomita 1,000 kwa mwezi linakula uniti 180 peke yake, kwa hiyo utatolewa kwenye tarifa ya chini, na kuanzia hapo friji na taa navyo vinalipiwa 356. Kama nyumba ilikuwa ikitumia uniti 60 kwa 7,320, sasa ni 21,360. Hiyo nyongeza ya 14,000 ni deni la gari, liandikie gari.

Hata hivyo, kwa kilomita 1,000 umeme unashinda wazi: takriban 78,000 dhidi ya 214,000 za petroli. Ukitembea kilomita 300 tu kwa mwezi, unaokoa kama 31,000. Fedha hiyo haifidii haraka tofauti ya bei ya kununua, na mtu wa namna hiyo abaki na IST yake bila kuona haya. Ushuru wa gari unalolitaka upige kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujamtumia dalali hata senti.

Betri ndiyo gari

Leaf nyingi za mtumba kutoka Japani zina betri ya 24, 30 au 40 kWh (kWh moja ndiyo uniti moja ya LUKU). Namba hiyo ni ya siku ilipotoka kiwandani. Betri ya Leaf haina mfumo wa maji wa kuipoza, inategemea hewa tu, na joto ndilo linaloichakaza. Kwa hiyo usinunue kwa mwaka wa gari, nunua kwa afya ya betri. Kwenye dashibodi, pembeni kabisa mwa kipimo cha chaji, kuna vijistari vidogo 12. Usivichanganye na vile vikubwa vinavyopanda na kushuka kila ukichaji. Kijistari cha kwanza kikizimika, betri imeshapoteza kama asilimia 15; kila kinachofuata ni asilimia 6 hivi. Picha ya dashibodi inaweza kuwa ya gari lingine, kwa hiyo omba pia kipimo cha programu ya LeafSpy, inayosoma betri kupitia kifaa kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa kwenye tundu la OBD chini ya usukani. Namba unayoitafuta inaitwa SOH, yaani asilimia ya uwezo wa betri uliobaki.

Ukiipata, zidisha. Betri ya 40 yenye SOH 80 ni kWh 32. Toa asilimia 15 za akiba, baki na 27. Gawa kwa 16, zidisha kwa 100: kilomita 170 hivi. Mtwara hadi Lindi ni takriban 105, kwa hiyo unafika vizuri, lakini hurudi bila kuchaji. Masasi, kama 200, hufiki. Betri ya 24 yenye SOH 65 inakupa kilomita 80, na hiyo ni gari ya mjini, basi. Dar usiiweke kabisa: kilomita 560 kutoka Mtwara, kwa chaja ya soketi, ni kulala njiani mara tatu.

Mlima nao uutoze. Gari lenye watu wanne hula karibu nusu uniti kwa kila mita 100 za kupanda, mbali na umbali wenyewe. Kupanda Newala kutoka pwani, mita 700 hivi, ni uniti tatu na nusu za ziada, sawa na kilomita 20 na zaidi za tambarare. Kushuka kunarudisha sehemu yake, kwa sharti moja: usijaze betri hadi 100 ukiwa juu. Betri iliyojaa haina pa kuweka umeme wa mteremko, na kazi yote inaangukia breki za kawaida.

Soketi, waya na ardhi

Kwanza angalia tundu la kuchajia. Leaf ya Japani ina tundu la Type 1 kwa chaji ya polepole. Gari lililotengenezwa kwa soko la China lina tundu la GB/T, na chaja ya jirani haitaingia. Waya wa chaja unaokuja na gari la Japani una plagi isiyofanana na soketi zetu. Badala ya kuukata na kuunga, nunua chaja ya 230V inayokuruhusu kuchagua ampea.

Kwenye soketi ya kawaida ya 13A weka ampea 10, usizidishe. Hiyo ni kilowati 2.3. Aliyetembea kilomita 40 anajaza kwa saa tatu na dakika chache. Betri ile ya 40 yenye SOH 80, ikiwa imebaki na akiba ya asilimia 15, itachukua saa 13 hivi. Soketi imetengenezwa kwa pasi na birika, vitu vya dakika chache, si kwa mzigo wa usiku kucha. Nusu saa baada ya kuanza, shika plagi kwa kiganja. Vuguvugu si neno. Ukishindwa kuishika mpaka uhesabu kumi, zima. Ukifungua soketi utakuta skrubu ya nyuma imelegea, au shaba imefanya ukijani kwa chumvi ya bahari. Ekstensheni, hasa ikiwa imeviringishwa, inayeyuka yenyewe kwa yenyewe.

Suluhisho la kudumu ni laini ya peke yake kutoka kwenye mita: waya wa mm² 4 (mm² 6 ikizidi mita 20), breka ya 16A, breka ya umeme unaovuja ya 30 mA, na soketi ya bluu ya viwandani ya 16A.

Halafu ardhi. Chaja hupima waya wa ardhi kabla ya kutoa umeme, na isiporidhika inawasha taa nyekundu. Udongo wa pwani yetu ni mchanga. Nondo ya ardhi ya mita 1.2 inafanya kazi masika, ukifika Septemba mchanga umekauka na chaja inagoma. Unga nondo mbili ziende mita 2.4, mahali penye unyevu, kama maji ya bafuni yanapotokea, kisha fundi apime. Fundi akikuambia aunganishe nyutro na ardhi ndani ya soketi ili taa izime, mkatalie. Siku nyutro itakapokatika, bodi ya gari yote itakuwa na umeme.

Volti zikishuka jioni, chaja hukata. Panga ianze saa sita usiku. Jenereta sahau: ndogo ya petroli hutoa kama uniti 2 kwa lita, hivyo kilomita 100 zitakugharimu lita 8 au 9, zaidi ya IST.

Yanayoharibika

Hakuna oili ya injini wala plagi za kubadilisha. Lakini betri ndogo ya volti 12 ipo, na ikifa gari haliwaki hata kama kubwa imejaa. Breki hazitumiki sana, kwa hiyo kwa hewa ya bahari kalipa hushika kutu na kukwama. Zifunguliwe na kupakwa grisi kila mwaka. Nyaya za rangi ya machungwa zina volti karibu 400, asiguse fundi asiyezisomea. Na likizima njiani usilivute kwa kamba: magurudumu ya mbele yakizunguka, mota inazalisha umeme. Libebwe, au linyanyuliwe mbele.